Kituo cha Dirishani

Kila Jumamosi asubuhi kundi la watu lilisimama chini ya dirisha la Mama Simu, likatazama juu, likacheka. Kisha likaenda zake.

Mambo hayo yalianza baada ya halmashauri kuukarabati mtaa wa zamani. Walipaka kuta rangi, wakang'oa nyaya zilizokuwa zikining'inia, wakabandika vibao vya shaba vyenye namba tu kwenye nyumba kadhaa, hata ile ya Mama Simu. Mwanzoni Mama Simu hakuwatilia maanani. Mitaa ya zamani huvutia wageni, na wageni hucheka hata wakimwona paka. Lakini Jumamosi zilifuatana, watu wakawa wapya kila mara, na kicheko kikabaki kilekile, palepale, chini ya dirisha lake yeye na si la mwingine.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya seremala. Jumamosi ndiyo siku ambayo seremala alipasua mbao zake za wiki nzima, kwa hiyo msumeno wa umeme uliyameza maneno yote yaliyosemwa pale chini. Kilichopenya ni kicheko tu. Siku moja Mama Simu alifungua dirisha ili atege sikio. Vidole vikanyooshwa, simu zikainuliwa kumpiga picha, mtu mmoja akampungia mkono. Alilifunga kwa haraka hata pazia likabanwa nje.

Alimuuliza seremala.

"Hao watu wanacheka nini?"

Seremala alivua viziba masikio vyake, akapuliza vumbi la mbao kwenye nyusi. "Watu gani, Mama Simu?"

"Hao wanaosimama mlangoni kwako kila Jumamosi."

"Ah, hao! Mimi Jumamosi nasikia msumeno tu. Hata mke wangu akipiga simu siku hiyo namjibu ndiyo, ndiyo, nikifika nyumbani naambiwa nimekubali kununua kabati. Kununua! Mimi, seremala!"

Mama Simu alicheka, akapanda ngazi kurudi kwake, akiwa hajui zaidi ya alivyojua wakati akishuka.

Hakuwa na mtoto aitwaye Simu, wala mtoto mwingine yeyote. Jina hilo alilipata kazini. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye mitambo ya kuunganisha simu, enzi ambazo ukitaka kuongea na mtu wa mji mwingine ilibidi kwanza umwombe mwanamke usiyemjua. Sauti yake ilijulikana na nusu ya jiji, uso wake na wachache mno. Mitambo ilipobadilishwa alipewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani. Wenzake walitawanyika, wengine wakafa. Mdogo wake wa kiume aliishi mji wa mbali na alimpigia sikukuu zikifika, wakaulizana afya, wakakosa la kuongeza. Kuna siku ambazo alimwambia muuza mkate "asante" jioni na sauti ikatoka imekwaruza, ndipo akagundua kwamba hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu aamke.

Mtu anayeishi hivyo hawezi kukisahau kicheko kilicho chini ya dirisha lake. Aliamka nacho, akalala nacho. Alijikagua kwenye kioo. Alishuka mtaani akalitazama dirisha lake kutoka chini, asione cha kuchekesha: mbao mbili za kijani, kioo, pazia. Mwishowe alipiga moyo konde, akaenda kwenye kibanda kilicho karibu na stesheni ya treni, ambako makundi yale yalianzia safari, pale palipoandikwa *Matembezi ya Mwandishi*, akanunua tiketi ya Jumamosi iliyofuata.

"Watu wangapi, Mama?" aliuliza aliyekuwa akiuza.

"Peke yangu."

Siku hiyo alivaa viatu vyake vya kufungwa kamba, akafika stesheni mapema. Kiongozi wa matembezi alikuwa binti mrefu aliyeshika mwavuli mwekundu ili asipotee machoni mwa watu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea kutwa. Kundi lilikuwa dogo. Palikuwa na maharusi wawili walioshikana mikono hata mahali ambapo njia ilitosha mtu mmoja. Palikuwa na wanawake wa ofisi moja, waliovaa fulana za rangi moja na waliokuwa wanacheka hata kabla ya safari kuanza. Na palikuwa na mwalimu mstaafu, mzee nadhifu mwenye kofia, aliyebeba riwaya ya Mwandishi chini ya kwapa, kurasa zake zimechomekwa vipande vya karatasi kila mahali.

"Karibuni sana," alisema yule binti. "Mwandishi wetu alishuka hapa hapa stesheni akiwa kijana, na sanduku moja la bati, hamjui mtu hata mmoja. Leo tutapita alimopita."

Mama Simu alimjua huyo Mwandishi kwa jina, kama watu wote. Alipofariki, redio ilimtaja wiki nzima. Vitabu vyake hakuwahi kuvisoma.

Walionyeshwa benchi ambalo Mwandishi alilala siku zake za kwanza. Walionyeshwa jengo lililokuwa matbaa, alikopata kazi ya kusahihisha maandishi ya wengine. Sasa lilikuwa duka la vioo. Mama Simu alifuata nyuma. Alishangaa jinsi ilivyopendeza kutembea na watu, kusimama wakisimama, kuvuka barabara wakivuka. Mmoja wa wale wanawake wa ofisi alimpa peremende bila kumuuliza. Hata aliisahau sababu iliyomleta, mpaka alipoona wamekata kona na kuingia mtaani kwake.

Msumeno wa seremala ulikuwa unanguruma. Binti aliwasogeza karibu, wakasimama bega kwa bega chini ya dirisha.

"Hapa," alisema kwa sauti ya juu, "ndipo penye sura ambayo kila aliyeisoma riwaya anaikumbuka. Tazameni juu. Lile dirisha la kijani mnaliona? Humo ndimo alimoishi Bibi Sahani Mbili!"

Mwalimu mstaafu alitabasamu kabla ya wenzake.

"Bibi Sahani Mbili hakuolewa. Basi akajitungia mume. Kila jioni akitoka kazini anapakua sahani mbili, moja yake, moja ya bwana asiyekuwepo. Halafu anaanza." Binti alikunja mwavuli, akaufanya kijiko, akakigeukia kiti cha hewani. "'Haya, fungua kinywa! Hutaki? Umeninunia tena? Mwenzio nimesimama kutwa nzima, bosi kanifokea mbele ya watu. Unasemaje? Ati nimjibu? Wewe nawe! Nikifukuzwa tutakula maneno yako?' Anacheka peke yake, anakasirika peke yake, anaomba radhi peke yake. Na mkishafikiri amemaliza," hapo binti alisubiri kidogo, kama mtu aliyezoea kusubiri pale pale, "anavuta ile sahani ya mume, anaila yote!"

Wanawake wa ofisi walivunjika mbavu. Bwana harusi alicheka hadi akamwachia mkewe mkono. Na Mama Simu, akiwa katikati yao, alikisikia kile kicheko kwa mara ya kwanza kutoka ndani.

Maneno yale aliyatambua. Binti alikuwa ametia chumvi hapa na pale, lakini yalikuwa maneno yake. *Fungua kinywa. Wewe nawe.* Aliyasema jioni baada ya jioni, miaka ile, akiwa amekaa ukingoni mwa meza na sahani mapajani, akimlisha mama yake.

Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja. Kitanda chake walikisukuma chini kabisa ya dirisha ili apate hewa na asikie mtaa, kwa sababu kuuona hakuweza tena. Hakuna aliyeweza kumwona kutoka nje, na ulimi wake ulikuwa mzito, sauti yake haikufika hata mlangoni. Mama Simu pekee ndiye aliyemwelewa. Na kichwa cha bibi yule kilikuwa kizima kuliko vya wengi: alimcheka bosi, alimpa bintiye majibu ya kumjibu, alinuna akilishwa asichopenda. Alichobakiza, Mama Simu alikila ili kisitupwe.

"Mama, wewe hujacheka!" alisema yule aliyempa peremende, akimgusa bega.

"Alikuwa mtu wa kweli?" aliuliza bibi harusi.

"Inasemekana," binti alijibu. "Mwandishi alipanga chumba kile cha ng'ambo, madirisha yanatazamana. Lakini jina la huyo mwanamke halijulikani. Alishafariki zamani."

"Nani kasema?" Mama Simu aliuliza.

"Kasema nini, Mama?"

"Kwamba alifariki."

Binti alimtazama kwa upole. "Ni miaka mingi sana imepita, Mama."

Mama Simu alilitazama dirisha lake. "Hakuwa akiongea peke yake," alisema. "Alikuwa na mama yake. Mama yake alikuwa mgonjwa, kitandani, hapo chini ya dirisha. Mtu wa ng'ambo hawezi kumwona."

Msumeno ulinyamaza kidogo, ukaanza tena. Watu walimgeukia.

"Hiyo ni tafsiri nzuri," binti alisema, na ilionekana anamaanisha. "Nimewaongoza watu wengi lakini hiyo sijawahi kuisikia. Mnaona? Kila msomaji ana Bibi Sahani Mbili wake."

"Ila kitabu kiko wazi," mwalimu mstaafu aliingilia kwa adabu, akifungua penye kipande cha karatasi. "Kinasema kiti kilikuwa kitupu."

"Kiti kilikuwa kitupu," Mama Simu alikubali. "Mama alikuwa kitandani."

Mzee alifikiri. "Basi kingekuwa kitabu kingine, dada yangu."

Hapo angeweza kusema: ni mimi. Maneno yalifika kwenye meno. Lakini kazini walifundishwa kitu kimoja kuliko vyote, unganisha kisha toka, usijitie kwenye mazungumzo ya watu. Na miaka yote ile ya kutii ilikuwa imemwingia kwenye mifupa. Tena aliogopa nyuso zile zingebadilika vipi. Binti alifungua mwavuli, wakavuka mtaa.

Chumba cha Mwandishi kilifikiwa kwa ngazi nyembamba iliyolia kila ilipokanyagwa. Ndani mlikuwa na meza, taa ya kusomea, na sanduku la bati ambalo binti alikiri si lenyewe bali la kufanana nalo. Walibanana. Wanawake wa ofisi walianza kunong'ona kuhusu chakula cha mchana.

Mama Simu hakuwahi kuingia humo, ingawa aliishi akikitazama chumba hicho nusu ya maisha yake. Alimkumbuka mpangaji yule, kidogo. Kijana mwembamba aliyeanika shati moja kila siku. Alidhani ni karani wa mahakama. Walikuwa wakisalimiana kwa kichwa madirisha yakiwa wazi, basi. Aliyemjua zaidi ni mama yake, ambaye hakuwahi kumtia machoni.

"Yule wa ng'ambo anakohoa tena," mama yake alikuwa akisema kwa ule ulimi wake mzito. "Amekula?"

"Ana watu wake, Mama."

"Watu gani? Sijamsikia akiongea na mtu. Mpelekee supu."

"Kesho nitampelekea."

Na kesho kulikuwa na zamu, na kufua, na dawa. Mwaka mmoja shati halikuonekana tena dirishani, chumba kikapata mpangaji mwingine.

"Nitawasomea kidogo tu," binti alisema, "halafu tutashuka." Alifungua kitabu chake mwenyewe, kilichochakaa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile hakuigiza.

"*Jioni nilikula mkate wangu nimesimama dirishani. Sikuwa na mtu wa kumwambia kwamba siku imekwisha. Ng'ambo yule mwanamke aliendelea kugombana na kiti chake, akacheka, akagombana tena. Nilikuwa nikilichelewesha tonge langu la mwisho ili nisimalize kula kabla yake.*"

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wanawake alitazama saa. Mama Simu alikuwa ameshika ukingo wa meza, na kwa muda hakusikia kilichofuata. Alikuwa anawafikiria watu watatu: mmoja anasikia kikohozi asimwone mwenye kukohoa, mwingine anaona mdomo unaocheza asimwone anayeambiwa, na yeye mwenyewe katikati, amewaona wote wawili, anasema kesho.

Wengine walipeana zamu kutazama nje, wakapiga picha, wakaanza kushuka. Zamu yake ilikuja mwisho. Alisogea.

Alikuwa hajawahi kuliona dirisha lake kutoka upande huo. Mtaa ulikuwa mwembamba kiasi kwamba kila kitu kilionekana: meza, kiti, sweta lake la kijivu limetupwa kwenye egemeo, kalenda ukutani. Na ni kweli, mahali pa kitanda hapakuonekana. Ukuta ulipaficha. Yule kijana hakusema uongo. Aliandika alichokiona, na alichokiona ni mwanamke na kiti.

Lakini mwanamke yule wa kitabuni hakuwa na mtu, na miaka ile Mama Simu hakuwahi kuwa mpweke hata siku moja. Alichoka, alilia, aliwaonea wivu wenzake waliokwenda dansini, mpweke hakuwa. Sasa ndiyo alikuwa. Kile chumba cha ng'ambo, na sweta lake, na kiti chake, ndicho hasa ambacho watu walikuwa wanakicheka. Mwandishi alikuwa amemwandika kabla hajafika.

Alisimama akijitazama asivyokuwepo. Kisha akaona ukungu unaanza kupanda kwenye kioo chake.

"Birika langu!"

Binti aligeuka mlangoni. "Birika gani, Mama?"

"Nimeacha birika motoni! Ee Mungu wangu, tangu asubuhi!"

"Wapi?"

"Pale! Pale kwangu!" Na kidole chake kilikuwa kimenyooka, kinalielekea dirisha la kijani.

Binti alitazama kidole, akatazama dirisha, akamtazama yeye. Rangi ikamtoka usoni. Lakini Mama Simu alikuwa ameshampita, ameshika ukuta, anashuka ile ngazi inayolia kwa kasi ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau. Binti alimfuata na mwavuli wake. Walivuka mtaa, wakampita seremala aliyebaki mdomo wazi na ubao mkononi, wakapanda. Ufunguo ulikataa, ukakubali. Ndani palikuwa na joto la mvuke na harufu ya chuma kinachoungua. Mama Simu alizima jiko. Birika lilikuwa limekauka, kitako chake kimekuwa cheusi.

Binti alifungua dirisha kuutoa moshi, akasita. Ng'ambo, kwenye dirisha la Mwandishi, nyuso zote za kundi zilikuwa zimebanana zikiwatazama. Hakuna aliyeinua simu. Mwalimu mstaafu alivua kofia yake.

"Kitanda kilikuwa wapi?" binti aliuliza bila kugeuka.

"Hapo uliposimama."

Binti alitazama miguu yake, akaisogeza pembeni taratibu, kama mtu aliyemkanyaga aliyelala.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilisema."

Binti alikaa kwenye kiti bila kuambiwa, akaweka mwavuli sakafuni. "Nimekuigiza kila Jumamosi," alisema. "Hapo mlangoni kwako. Mama, nisamehe. Sijui hata nianzie wapi."

"Unaigiza vizuri, mwanangu. Ila mama yangu hakuwa akininunia kila siku. Mara nyingi alikuwa ameshiba."

Binti alicheka, na kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akajifuta kwa mkono wa shati. Mama Simu alitaka kumpa chai lakini birika lilikuwa limekufa, kwa hiyo alimpa maji.

Waliposhuka, kundi lilikuwa limejipanga mtaani kama watu wanaosubiri jeneza litoke. Wanawake wa ofisi hawakujua waweke wapi macho. Mwalimu mstaafu alisogea na kitabu kimefunguliwa kwenye ile sura, kalamu mkononi.

"Dada yangu, niwekee sahihi."

"Mimi sikuandika kitu, mwalimu."

"Lakini umeandikwa."

Aliweka sahihi, ileile ya kazini, yenye mkia mrefu, pembezoni mwa maneno ambayo hakuyasoma. Mzee alipuliza wino ukauke. Akashukuru, akataka kusema jambo, akaliacha. Kundi likaondoka, mwavuli mwekundu mbele.

Wiki iliyofuata binti alikuja kabla ya siku ya matembezi, na birika jipya mkononi. Alitaka ruhusa: je, Mama Simu angekubali kuwaambia watu mwenyewe, kutoka dirishani? Maneno machache tu. Mama Simu alikubali. Usiku wake alikosa usingizi kwa furaha, kama mwanafunzi atakayesoma shairi mbele ya wazazi.

Na ilikwenda vizuri. Seremala alizima msumeno kwa hiari yake. Mama Simu aliegemea mbao za kijani, akawaambia watu wa pale chini kuhusu mama yake: ulimi mzito, majibu ya kumjibu bosi, supu ambayo haikuvuka mtaa. Sauti ilimrudia, ile safi ya kuunganisha miji. Watu walitulia. Wengine walilia. Walipiga makofi.

"Na sasa unaishi na nani, Bibi?" mwanamume mmoja aliuliza kutoka chini.

"Nina seremala hapo chini," alijibu, wakacheka kwa upendo, wakaondoka. Aliwasikiliza mpaka wakakata kona. Halafu akakaa.

Alifanya hivyo Jumamosi nyingine, na nyingine. Watu walileta maua. Picha yake ilitoka gazetini, ukurasa wa ndani, na mdogo wake akapiga simu bila ya kuwa sikukuu. Ilikuwa siku moja katika hizo, akiwa katikati ya maneno, amefika pale penye kikohozi na supu, alipojigundua amenyamaza kidogo. Alikuwa anasubiri. Jumamosi zilizopita watu walikuwa wameanza kulia hapo, naye alikuwa anawapa nafasi walie.

Alimaliza kwa haraka. Makofi yalimuumiza masikio. Binti alipopanda kumuaga, alimkuta amekaa na mikono mapajani.

"Basi, mwanangu. Inatosha."

"Umechoka? Tunaweza kupumzika wiki moja."

"Sijachoka. Leo nimemwigiza." Alitafuta maneno. "Jana nilikuwa nikimfikiria, nikakumbuka vile alivyokuwa akisema 'mpelekee supu', na sikujua kama ninamkumbuka yeye au ninakumbuka ninavyomsema dirishani. Mama yangu si kituo."

Binti alisimama pale na mwavuli wake. "Basi nifanyeje? Nirudie ile ya zamani?"

"Piteni tu. Waonyeshe chumba cha yule kijana, ukawasomee ule ukurasa. Ule usiuruke. Ukiwaona wanatazama saa, usome polepole zaidi."

Binti alimtii. Tangu hapo kundi lilipitia mtaa wa nyuma na kuingia chumbani kwa Mwandishi kwa mlango wa pili. Dirisha la chumba hicho, lililotazamana na la Mama Simu, lilifungwa pazia, na kibao kikatolewa kwenye ukuta wa seremala, yakabaki matundu manne ya skrubu.

Alichokiomba alikipata, na hakuwa amekipigia hesabu. Jumamosi ikawa siku kama nyingine. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyenyoosha kidole, maua ya mwisho yakakauka kwenye chupa. Gazeti lilifungia mkate wa mtu fulani mahali fulani. Mdogo wake alirudia desturi yake ya kupiga sikukuu tu. Mara moja au mbili alijikuta amevaa vizuri tangu asubuhi, ametengeneza nywele, hana pa kwenda. Alishuka akanunua chumvi ambayo alikuwa nayo.

Alinunua riwaya ile, akaisoma yote, polepole, kwa miwani. Sura yake ilikuwa fupi kuliko alivyotarajia. Alimpenda mwanamke yule. Alimsikitikia pia, kama mtu anavyomsikitikia mgeni ndani ya treni ambaye atashuka vituo vilivyo mbele.

Binti alikuja, si mara zote. Wakati mwingine zilipita wiki tatu nzima bila hata salamu, na Mama Simu hakumuuliza alikuwa wapi, maana alijua mtu akiulizwa sana huanza kuja kwa deni. Alipokuja alikuja na njaa, ameongea tangu asubuhi mpaka sauti imebaki upepo. Alimlalamikia mwenye nyumba wake asiyetengeneza bomba, mchumba aliyehamia mji mwingine na kupunguza simu kidogo kidogo, miguu. Mama Simu alisikiliza. Alikuwa na mengi aliyoyaweka kiporo wiki nzima amwambie, ya paka wa seremala, ya ndoto aliyoota, ya jambo moja kuhusu mama yake ambalo hakulisema dirishani na hakukusudia kulisema. Alingoja nafasi.

Jumamosi moja ya mvua binti alikula, akasukuma sahani, akaegemeza kichwa juu ya mikono mezani "kidogo tu," akalala. Mama Simu alikuwa ndiyo kwanza ameanza: "Unajua, mama yangu alikuwa na tabia moja—"

Aliinuka bila kukikwaruza kiti, akaondoa kikombe karibu na kiwiko cha binti kisije kikamwagika, akamfunika mabega kwa shuka. Redio ilikuwa karibu kusoma habari za jioni, zile asizozikosa. Aliizima. Alikaa upande wa pili wa meza, mikono mapajani, akimsikiliza mtu mwingine akipumua ndani ya chumba chake, mpaka giza likaanza kuingia na ikambidi achague kati ya kuwasha taa na kumwacha alale.